Safari ya Nyanda za Juu Kusini: Tule wapi, tunywe nini?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, shule zinapofungwa, familia nyingi za Kiislamu hufunga mizigo kuelekea Iringa na Mbeya. Wengine huenda harusini, wengine kuwajulia hali wazazi, wengine kumpeleka kijana chuoni. Maandalizi huwa mengi. Tiketi hukatwa mapema, masweta hutafutwa kwa sababu ya baridi, na zawadi za wenyeji hufungwa vizuri. Jambo moja husahauliwa mpaka mtoto aanze kulia njaa: tutakula wapi, na tutakunywa nini?

Mwandishi wa makala haya naye alisahau. Tulikuwa watu watano, mimi, mama watoto na watoto watatu, tukienda kwa jamaa wa mke wangu kule Ilula na kisha Mbeya. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya ni safari ya zaidi ya kilometa 800, nasi tulitoka nyumbani alfajiri bila hata chupa ya chai. Basi liliposimama kwenye mkahawa mmoja wa kando ya njia, utingo alitangaza dakika kumi na tano. Abiria wote walikimbilia dirisha moja, nami nikanunua chipsi na kuku kama wenzangu.

Binti yetu wa miaka minane alikwisha kula vipande kadhaa pale mama yake aliporudi kutoka msalani akiwa amebadilika uso. Alikuwa amepita nyuma ya jiko. Karai lililokaanga chipsi zetu ndilo lililokuwa likikaanga kitimoto, na mwiko ulikuwa huo huo mmoja. Hatukugombana na mtu. Hakuna aliyetudanganya, kwani hatukuuliza. Tulikiweka chakula pembeni, tukapanda basi na njaa yetu. Njiani mtoto akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, nimekula haramu?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Msingi wa jambo

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu anawaita watu wote, si Waislamu peke yao, wale vilivyo halali na vizuri katika ardhi. Katika Suratul Maida, aya ya 3, ametaja vilivyoharamishwa, wakiwamo nyamafu, damu na nyama ya nguruwe, na katika aya ya 90 ya sura hiyo hiyo amekataza ulevi. Haya yako wazi, na kila mtoto wa madrasa anayajua.

Mtihani wa msafiri hauko katika yaliyo wazi. Uko katika yale ya katikati, ambayo Mtume (SAW) aliyataja katika hadithi iliyopokewa na Nu'man bin Bashir (RA): halali iko wazi, haramu iko wazi, na baina yake yapo mambo yenye kutatiza. Mwenye kujiepusha nayo ameisalimisha dini yake na heshima yake. Karai la pamoja, kisu cha pamoja na kuku asiyejulikana aliyemchinja ndiyo mambo hayo ya katikati.

Dini yetu haikutuacha gizani hata hapo. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (RA), aliyeishi katika nchi ya Watu wa Kitabu, alimwuliza Mtume (SAW) juu ya kula katika vyombo vyao. Akaelekezwa kwamba akipata vyombo vingine asile katika hivyo, na asipopata avioshe kisha ale. Ndugu zangu, tuutazame vizuri uongozi huo. Hakuambiwa awachukie jirani zake, wala hakuambiwa afe njaa. Aliambiwa atafute kilicho bora, na akikikosa, aoshe.

Kisa cha Ilula

Tulishuka Ilula, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo ulio kiasi cha kilometa 45 kabla ya kufika Iringa mjini. Msafiri anaujua kwa nyanya na vitunguu vinavyopangwa kando ya barabara kuu. Ukishaupanda mlima Kitonga na kuliacha joto la bonde la Ruaha, hewa ya Ilula hukupokea kama maji ya mtungi.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Kihehe, Mkristo, baba mkubwa wa mke wangu, ambaye alisilimu kabla hatujaoana. Baada ya "Kamwene" na shikamoo zetu, mzee alitazama watoto, akatazama sinia tupu mezani, kisha akaingia uani. Alirudi ameshika jogoo hai kwa mkono mmoja na kisu kwa mkono wa pili.

"Mwanangu," akaniambia, "kisu hiki kimeoshwa kwa maji ya moto. Jogoo ni huyu. Chinja mwenyewe, ili sote tule chungu kimoja."

Wengi wetu tumekulia katika desturi hiyo. Katika vijiji vingi vya Tanzania, mwenye sherehe ambaye si Mwislamu humwita jirani Mwislamu amchinjie, ili asiwepo mgeni wa kukaa pembeni. Ni desturi ya heshima, na haifai kuidharau. Mwaka 2013 tuliona nini hutokea inapovunjika. Mzozo wa nani achinje ulizusha ghasia Buseresere mkoani Geita, na mtu akapoteza maisha yake. Miezi michache baadaye fujo zikatokea Tunduma, mji wa mpakani ambao wakati huo ulikuwa katika Mkoa wa Mbeya na tangu 2016 uko katika Mkoa wa Songwe. Mzee wa Ilula, kwa jogoo mmoja na kisu kilichooshwa, alitupa somo ambalo mikutano mingi haikuweza kulitoa.

Mtungi wa ulanzi

Baada ya chakula, kijana wa nyumba alileta kibuyu. Ilikuwa masika, na masika ya Iringa ni msimu wa ulanzi. Ulanzi ni utomvu wa mianzi. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi changa, hutundika chombo cha kipande cha mwanzi kiitwacho mbeta, na kila siku hurudi kukwangua ncha ile ili utomvu uendelee kutiririka. Ukigemwa asubuhi na kunywewa papo hapo huwa mtamu kama maji ya muwa. Lakini chachu huingia yenyewe, bila kutiwa na mtu, na baada ya saa chache ule utamu huanza kugeuka. Ukilala huwa mkali, nao huitwa mkangafu, na huo ni pombe kamili.

"Huu ni mtamu, hata watoto hunywa," kijana alisema kwa nia njema.

Je, tunywe? Tunajua kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitengenezewa maji ya zabibu zilizorowekwa, akayanywa siku ile na zilizofuata, na ilipofika mwisho wa siku ya tatu yaliyobaki hayakunywewa tena. Kinywaji kitamu cha mmea basi si haramu kwa asili yake. Kinachoharamisha ni kulevya, na kilicho kingi chake kinalevya, hata kichache chake ni haramu. Ugumu wa ulanzi ni kwamba mgeni hawezi kujua umegemwa saa ngapi, wala kama mbeta ilikuwa na masalia ya jana yaliyokwisha kuchacha. Kwa hiyo salama ya msafiri ni kuuacha. Mke wangu alilimaliza jambo kwa maneno mepesi: "Baba mkubwa, chai yenu ya maziwa ndiyo tuliyoisafiria." Mzee akacheka, birika likaletwa, na hakuna moyo uliovunjika.

Tahadhari hiyo hiyo iwe kwa togwa. Togwa mbichi ni uji mtamu unaopewa hata wagonjwa, lakini iliyokaa siku nyingi hubadilika. Uliza imetengenezwa lini, na ukionja uchungu, weka chini.

Mpango wa njia

Ndugu msomaji, baada ya safari ile tumejiwekea utaratibu, nasi tunaufuata mpaka leo.

Kwanza, mlo wa mwanzo utoke nyumbani. Chapati, mayai ya kuchemsha, maandazi, ndizi na chupa ya chai hutosha kuwafikisha watoto mpaka mchana. Tukivuka Hifadhi ya Mikumi tunafunga vyakula, kwani kulisha wanyama na kutupa taka ni marufuku.

Pili, kwenye vituo vya chakula tunatanguliza ulizo. Mabasi mengi husimama sehemu za Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu, ambako wahudumu wamezoea kuulizwa. Tunauliza mambo matatu: Je, hapa panauzwa kitimoto? Kama panauzwa, je, lina jiko, karai na kisu vyake? Kuku amechinjwa na nani? Mtu muungwana hakasirishwi na maswali haya yakiulizwa kwa adabu. Na tujue kwamba kitimoto kina majina ya mafumbo, likiwamo "mdudu", hivyo mtoto asione jina geni akadhani ni chakula kipya.

Tatu, tunatofautisha nyama na nyama. Ng'ombe wa machinjio ya umma kwa desturi ya nchi yetu huchinjwa na Mwislamu, na nyama ya buchani hutoka huko. Kuku ndiye wa kuulizia zaidi, kwa kuwa huchinjwa uani na yeyote aliye karibu. Chakula cha Watu wa Kitabu kimehalalishwa katika Suratul Maida, aya ya 5, nao wanavyuoni wamekieleza kwa masharti yake. Nyama ikiletwa na Waislamu wenzetu nasi hatujui kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa, hadithi ya Bibi Aisha (RA) inatufundisha tutaje sisi jina Lake na tule. Tuulize kwa kiasi, tusifanye upekuzi.

Nne, penye shaka tunakimbilia samaki na mimea. Samaki hahitaji kuchinjwa. Iringa hupata samaki wa bwawa la Mtera, na Mbeya hupata dagaa aina ya usipa kutoka Ziwa Nyasa. Wali wa mchele wa Kyela unanukia hata bila kitoweo. Ukipita Chimala na Igurusi unapita katikati ya nchi ya mpunga ya Usangu. Viazi na maparachichi si vya kutafuta. Kwa mboga hizi na maharage, familia inaweza kwenda na kurudi bila kugusa nyama yenye shaka. Hata hivyo karai la viazi vya kukaanga liulizwe, kama tulivyojifunza sisi kwa gharama.

Tano, mjini tunatafuta kwanza msikiti, kisha chakula. Iringa, karibu na Soko Kuu na Miyomboni, na Mbeya, sehemu za Sokomatola na Mwanjelwa, kuna Waislamu wafanyabiashara wa miaka mingi. Ukisali Adhuhuri nao, ukamwuliza aliye safu moja nawe wapi pa kula, atakuonyesha kwa kidole, na pengine atakukaribisha kwake. Kwa kuwa mabasi mengi hupita Ipogolo, chini ya kilima cha Iringa, bila kupanda mjini, mwenye kutaka mlo wa mjini apange kulala. Asiyelala anunue maziwa ya mtindi ya Asas, yanayosindikwa Iringa hapo hapo, na mkate.

Sita, meza iwe meza safi. Mtume (SAW) ametukataza kukaa kwenye meza inayozungushiwa ulevi. Mahali pengi pa nyama choma huko ni baa pia. Hata kama mbuzi ni halali, si mahali pa kumlea mtoto. Nyama ifungwe, ikaliwe kwingine.

Jibu la mtoto

Nilimjibu binti yangu tukiwa Ilula, usiku, moshi wa jiko ukiwa bado uko nguoni. Nilimwambia kwamba Mola wetu hamtesi mja kwa jambo alilolikosea bila kukusudia, na kwamba kosa lilikuwa la baba yake, aliyekuwa na ulimi wa kuuliza akanyamaza. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Basi kesho nitauliza mimi."

Na aliuliza. Kesho yake, njiani kuelekea Mbeya, kabla sijafungua pochi, alisimama mbele ya mama mwenye jiko akamwamkia, kisha akasema: "Mama, karai hili ni la nini?" Yule mama akatabasamu, akatoa karai jingine kutoka mvunguni, akalisugua mbele yetu kwa majivu na maji ya moto, na akaturushia mafuta mapya. Tulikula viazi vitamu kuliko vyote tulivyowahi kula.

Wazazi wenzangu, tusiwafundishe watoto halali kwa hofu na kununa. Tuwafundishe kuuliza kwa adabu, kukataa kwa upole na kushukuru kwa moyo. Safari ni masomo, na sehemu kubwa ya masomo yake iko kwenye sahani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aziruzuku familia zetu kilicho halali na kizuri, awalinde wasafiri wetu katika milima na mabonde, na adumishe wema baina yetu na majirani zetu. Amin. Wallahu a'lam.