Viwavi Katika Bustani ya Mboga: Tuwatambue Mapema



Ndugu wanafunzi na wazazi, wengi wetu tuna tuta la sukumawiki au kabichi nyuma ya nyumba. Majani yakionekana yana matundu, mtoto hutumwa dukani kununua dawa. Jioni inapulizwa, na kesho yake mboga zile zile ziko chunguni. Hapo tumeua kiwavi na kujilisha sumu wenyewe. Anayemtambua kiwavi mapema hahitaji kufika huko.

Kumtambua

Adui mkubwa wa mboga za jamii ya kabichi ni kiwavi wa nondo mgongo wa almasi. Nondo huyu ni mdogo, wa rangi ya kijivu, na hutaga mayai madogo ya manjano kwenye majani. Kiwavi wake ni wa kijani na urefu wake haufiki sentimita moja na nusu. Ukimgusa hujinyonganyonga, kisha huning'inia kwa uzi mwembamba. Akila jani huacha ngozi nyembamba ya juu kama kioo. Matundu huja baadaye. Basi usisubiri matundu. Geuza majani utazame chini yake mara mbili kwa wiki.

Kwa nini tusikimbilie sumu?

Kwanza, kiwavi huyu ni hodari wa kuzoea sumu. Pili, sumu huua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya kiwavi na kumwangamiza. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kiliwaachilia nyigu wa namna hiyo, waliotoka Taiwan, katika milima ya Taita nchini Kenya, na viwavi wakapungua.

Kumdhibiti

1. Okota viwavi kwa mkono na ponda mayai.
2. Baada ya kuvuna, ng'oa mashina yote. Msimu unaofuata panda vitunguu au maharage mahali hapo.
3. Twanga mbegu kavu za mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo. Nyunyiza chini ya majani wakati wa jioni, kwani jua kali huiharibu dawa hii.
4. Ikibidi kutumia dawa ya dukani, soma kibandiko na utimize siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Jirani anayenunua fungu la mboga kwako hawezi kuiona sumu, anakuamini tu. Hiyo ni amana.

Wabillahi tawfiq.