Dawa za Mtoto Aliye Kizuizini: Haki Yake na Wajibu wa Mzazi

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa ni mtoto, hata anapotuhumiwa kwa kosa. Kukamatwa hakumwondolei haki ya kutibiwa. Asipopata dhamana, anapaswa kutengwa na watu wazima na kupelekwa mahabusu ya watoto. Kwa wakazi wa Tingi, mahabusu iliyo jirani na mkoa wetu ipo Mtwara.

Siku za mwanzo ndizo zenye hatari zaidi. Kijana mwenye kifafa akikatishiwa dawa ghafla anaweza kupata degedege la mfululizo na kupoteza maisha. Anayetumia dawa za kufubaza VVU akiruka dozi, virusi vinaweza kuwa sugu kwa dawa hizo. Hali kadhalika vimelea vya kifua kikuu. Kijana anaweza kuona haya kumweleza askari maradhi yake, hivyo mzazi au mlezi anashauriwa:

1. Kumjulisha mapema mkuu wa kituo cha polisi na Afisa Ustawi wa Jamii kuhusu ugonjwa, jina la dawa, kipimo na saa za kuitumia. Taarifa hizi ni za siri, zitolewe faraghani.

2. Kupeleka kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na dawa zikiwa katika pakiti zake.

3. Mtoto anapohamishwa, kuhakikisha dawa na taarifa zake zinakwenda pamoja naye.

Kuhusu gharama, dawa za VVU na za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kwa maradhi mengine, familia isiyo na uwezo imwone Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali ili ombi la msamaha lishughulikiwe. Kununua dawa dukani kwa kubahatisha huongeza gharama na madhara.

Aidha, kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinaelekeza kuwa dawa zitolewe kwa sababu za kitabibu pekee, wala zisitumike kumwadhibu mtoto, kumdhibiti au kumlazimisha kutoa maelezo. Mzazi akimkuta mwanawe amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, ana haki ya kuuliza amepewa dawa gani na nani ameiagiza.

Mwananchi asiyejua pa kuanzia afike ofisi ya Mtendaji wa Kata, ataelekezwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii.