Fahamu: Nasaba ya farasi wa kale huthibitishwaje?

Mwaka 1840 merikebu Sultana, iliyomchukua mjumbe Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York ikiwa na farasi wawili wa Kiarabu, zawadi ya Sayyid Said wa Zanzibar kwa Rais Martin Van Buren, ambaye katiba ya Marekani haikumruhusu kujipokelea zawadi hiyo, hivyo farasi hao wakauzwa. Anayedai kuwa na kizazi chao hana budi kuonesha maandishi ya kila uzao. Lakini maandishi hukosea, na utafiti wa mwaka 2002 kuhusu farasi wa mbio ulibaini majike waliosajiliwa chini ya bibi asiye wao.

Kosa hilo lilifichuliwa na DNA ya mitokondria, yaani urithi ambao mama huwapa watoto wake wote lakini huendelezwa na majike pekee. Wamwera wa kusini mwa Tanzania, wanaohesabu ukoo kwa mama, wataielewa njia hii upesi. Upande wa baba hupimwa kwa kromosomu Y, inayopita kwa madume tu. Mnyama akiwa amekufa zamani, huchukuliwa unga kidogo wa jino au mfupa wake. Kipimo cha mitokondria, hata hivyo, hukanusha vizuri kuliko kinavyothibitisha, kwani majike wengi wasio ndugu wa karibu hufanana.