JINSI YA KURUDISHA KUMBUKUMBU ZILIZOFUTIKA
Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Siku hizi majina yetu, alama za mitihani na karo walizolipa wazazi wetu huandikwa katika kompyuta, ndani ya hifadhidata, yaani daftari kubwa lililopangwa kwa utaratibu. Je, daftari hilo likifutika, hurudishwaje? Yafaa kila msomaji ajue.

Vitu viwili hutakiwa, navyo sharti viwekwe mbali na daftari lenyewe. Cha kwanza ni nakala nzima, tuseme iliyofanywa saa sita ya usiku. Cha pili ni orodha ya mabadiliko yote yaliyofuata, kila moja na saa yake.

Tuseme saa nne asubuhi mtu amefuta alama za darasa zima. Kwanza fundi huwazuia watu wote wasiandike zaidi. Kisha huiweka nakala ya usiku katika mashine nyingine, wala haitupi ile iliyoharibika, maana huenda ikafaa. Halafu kompyuta huyarudia mabadiliko ya orodha kwa mfuatano ule ule, nayo husimamishwa kabla tu ya lile kosa. Ikipita hapo, alama zitafutwa tena! Mwisho fundi hukagua, ndipo watu huruhusiwa kuendelea. Pasipo orodha hiyo, kazi yote tangu usiku imepotea.

Lakini kuwa na nakala hakutoshi. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alifuta faili katika mashine ambayo siyo aliyoikusudia. Katika gigabaiti 300 hivi, zilisalia 4.5 tu. Nakala za kila siku zilipotafutwa, hazikuwapo! Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata, hivyo ilikuwa ikishindwa, na barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyofanywa kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya hapo, kwa ajili ya kazi nyingine. Huduma ilirudi kesho yake, ila kazi ya zile saa sita haikuonekana tena.

Basi, wenye kutunza kumbukumbu za shule na wajaribu kuirudisha nakala yao kila muhula, ingali salama. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya namna hii huoza, asipokuwapo wa kuifungua na kuitazama.