Goti Likigusa Chini, Ni Nani Aliyeanguka?

Majuzi nikiwa Malaba, kando ya msururu wa malori yaliyongoja kuvuka mpaka, niliwatazama vijana wawili wakipigana mieleka. Mmoja alitoka upande wa Kenya, mwenziwe upande wa Uganda. Wote Wateso, wakitaniana kwa lugha moja. Mara goti la mmoja likagusa vumbi. "Umeanguka!" watazamaji wakapaza sauti. "Bado! Mgongo haujalala chini!" akajibu. Ugomvi ukawa mkubwa kuliko mchezo.

Kwangu mimi mwanaisimu, huo haukuwa ugomvi wa misuli bali wa maana ya neno "kuanguka". Katika sumo ya Wajapani, kijana yule angekuwa ameshindwa, kwani chochote kikigusa ardhi isipokuwa nyayo, pambano limekwisha. Katika mieleka ya Olimpiki angeendelea, kwa kuwa huko ushindi kamili ni kuyabana chini mabega yote mawili.

Sumo ya ridhaa inatupa funzo. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1992. Ili ulimwengu uingie ulingoni, yalikubaliwa mambo ambayo sumo ya kulipwa haina hata leo: madaraja ya uzani na, tangu 2001, mashindano ya dunia ya wanawake. Mengi yalilegezwa, lakini maneno hayakutolewa. Ulingo ungali dohyo, na mwamuzi huamrisha kwa Kijapani hata wanaposhindana wageni watupu.

Sisi je? Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso wakagawanyika. Mashirikisho ya kimataifa nayo aghalabu hutambua chama kimoja kwa kila nchi. Hivyo vijana hawa wakitaka kutambuliwa, mmoja ataelekezwa Nairobi na mwingine Kampala, na huko wote watakabidhiwa kanuni zilizoandikwa ng'ambo.

Siwalaumu walioziandika. Asiyeandika sheria zake huandikiwa. Wazee wa pande zote mbili wangali hai. Na waketi na vijana, wakate shauri kuhusu goti na mgongo, kisha waliandike kwa Kiteso na kwa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji pasipoti wala mfadhili.

Vijana wale waliachana bila mshindi, kila mmoja akarejea kwao, akiamini kwamba ameonewa.