Mirambo Kwanza, Roma Baadaye

Mwishoni mwa Januari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley ulikwama Vinyata, katika nchi ya Wanyaturu. Alikuwa na watu wenye bunduki, boma la miiba lililojengwa harakaharaka, na ugomvi na wenyeji uliokwisha kumwaga damu. Walipigana siku tatu. Stanley aliwagawa askari wake makundi na kuwatuma wawafukuze wenyeji waliokuwa wakirudi nyuma. Kundi moja lilifukuza kupita kiasi, likavutwa mbali na wenzao, likazungukwa uwandani na kumalizwa karibu lote. Zaidi ya watu 20 wa msafara walikufa. Stanley alilipiza kwa kuchoma vijiji na kuchukua nafaka, kisha akashika njia ya Iramba kuelekea Ziwa Viktoria.

Wanyaturu wa siku zile hawakuwa na mfalme, jenerali wala kambi ya jeshi. Walikuwa na pinde na mikuki, na yowe likipigwa kila kaya inatoa watu. Nikiulizwa ni majeshi gani yaingizwe katika mchezo wa vita wa kihistoria, hawa nawataja mwanzo kabisa, kabla ya Roma na kabla ya Misri.

Ninaulizwa hivyo kila wiki. Nafundisha Historia sekondari hapa Misigiri, na mimi na wanafunzi wangu tunatengeneza mchezo. Ramani tumeichora kwenye karatasi za manila zilizounganishwa kwa gundi, kuanzia pwani hadi Ujiji. Askari ni vizibo vya soda, maana vijana wa hapa stendi wamekulia kwenye drafti ya vizibo na mkono wao unavijua. Dadu tunazo mbili. Kazi ngumu imekuwa kuamua nani aingie.

Wanafunzi wenye simu nzuri wanakuja na majina waliyoyazoea kwenye magemu: Roma, Sparta, Wamongoli. Siwalaumu. Watengenezaji wakubwa wamechelewa kufika huku kwetu. Age of Empires II iliwaingiza Waethiopia, Wamali na Waberberi mwaka 2015. Total War: Rome II iliuleta ufalme wa Kush mwaka 2018. Humankind iliwapa nafasi Waswahili na Wamaasai mwaka 2022. Nimefurahi kuona hayo yote. Lakini mtoto wa Iramba bado hawezi kufungua gemu akamkuta Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, wakati lori linaloshuka mlima Sekenke kwenda Nzega linaelekea moja kwa moja kwenye nchi aliyoitikisa.

Kipimo changu ni kimoja. Jeshi lisiingizwe kwa sababu lilikuwa kubwa, au kwa sababu lilivaa vizuri kwenye sinema. Liingie kama linamlazimisha mchezaji kukata shauri ambalo jeshi jingine halimlazimishi. Ukimpa kila mmoja panga na ngao, ukabadilisha rangi ya kizibo tu, hujafundisha historia hata chembe.

Kwa kipimo hicho, zama za kale za Afrika zina hazina ya kutosha. Wakushi wa Mfalme Piye walishuka na mto Nile wakaitwaa Misri katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Mmoja wa warithi wake, Taharqa, akaja kupambana na Waashuru. Wapiga mishale wa Nubia walisimama tena Dongola mwaka 652 baada ya Kristo, wakiwalenga macho Waarabu waliotoka Misri, na matokeo yake yakawa mkataba uliodumu karne kadhaa. Hapo mchezaji anajifunza kuwa vita vinaweza kuisha kwa mapatano ya biashara. Aksum inaingia kwa sababu ya bahari: Mfalme Kaleb alivusha jeshi kwenda Yemeni mnamo mwaka 525, na Abraha, aliyekuja kutawala huko, ndiye mwenye tembo ambao kila mtoto wa madrasa anawajua. Hao wote tutawachorea ramani yao. Kwenye karatasi yetu ya manila hawaenei, na ningependa mtoto aanze na ardhi anayoikanyaga.

Basi nirudi kwa Mirambo wa Urambo, kwa sababu yeye ndiye anayeuendesha mchezo wetu. Mirambo hakutafuta ardhi ya kulima. Alitaka njia. Pembe za ndovu zilitoka bara kwenda Bagamoyo, vitambaa, shanga, bunduki na baruti zikapanda kutoka pwani, na kila msafara ulitoa hongo kwa mtemi aliyeishika njia. Anayeshika njia anapata baruti, na mwenye baruti anaendelea kuishika njia. Askari wake, rugaruga, wengi walikuwa vijana waliopotezwa na vita na biashara ile ile: mateka, watoro wa misafara, wasio na ukoo wa kurudi. Walipigana kwa magobori na mikuki, wakatembea haraka, wakalipwa kwa ngawira. Ukiwa mchezaji wa Mirambo huwezi kukaa kimya zamu mbili. Vijana wasipopata ngawira wanakutoka.

Tazama Agosti 1871. Waarabu wa Tabora walitoka kumshambulia, Stanley akiwa upande wao. Kijana mmoja wao, Saud bin Said, aliongoza mamia ya watu kuiteka Wilyankuru, boma la Mirambo. Wakaiteka kweli. Walipoanza kurudi, kila mtu alikuwa na mzigo: pembe zaidi ya 100, vitambaa, mateka. Mirambo alikwisha kutoka mapema na watu wake, akalala kwenye nyasi kandokando ya njia. Waliobeba pembe hawakuwahi hata kuinua bunduki zao. Saud aliuawa pale. Baadaye mwezi huo huo Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akamuua tajiri Khamis bin Abdullah na kuchoma sehemu ya mji.

Kutokana na siku ya Wilyankuru tumetunga kanuni ninayoipenda kuliko zote: kila pembe unayobeba inakupunguzia hatua moja. Nimewaona wanafunzi wakihesabu vidole, wakilia kabisa kuacha pembe porini, na yule asiyekubali kuziacha anakutwa njiani. Kitabu cha kiada hakijawahi kunipa darasa lililosikiliza namna hiyo.

Mtemi Nyungu ya Mawe asisahauliwe. Huyu ni wa kwetu zaidi, maana Ukimbu wake uligusa Itigi na Manyoni za leo. Alikuwa na jicho moja. Aliwaita askari wake magogo, akiamuru magogo zaidi yatupwe vitani kama mtu anayechochea moto. Tofauti yake na Mirambo ilionekana walipokufa, wote wawili Desemba 1884. Dola ya Mirambo ilianza kumeguka. Nyungu alikuwa ameweka mawakala wake katika kila sehemu aliyoteka, wakikusanya pembe na kumpelekea, na binti yake Mugalula aliurithi utawala ukiwa mzima. Kwa hiyo katika mchezo kiongozi anaweza kufa, na mwenye Nyungu anaruhusiwa kuendelea. Mwenye Mirambo anagawana vizibo vyake na majirani. Wavulana wamelalamika sana kuhusu hili. Sijabadilisha.

Wangoni wanaingia kwa kanuni ya kukua. Walivuka Zambezi Novemba 1835 wakitokea kusini, wakawa wanawachukua vijana wa kila nchi waliyoipita na kuwafanya Wangoni, hata walipofika Ufipa na kisha Songea wengi wa askari wao hawakuwa wamezaliwa kusini. Kila ushindi unawaongezea kizibo, ila kila kizibo kinataka ng'ombe. Wahehe nao wana kanuni ya kujifunza. Walipambana na Wangoni, wakazichukua mbinu zao, na tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo mtawala wao Mkwawa akaivizia safu ya Wajerumani iliyojinyoosha njiani, mizinga ikiwa bado migongoni mwa punda. Kamanda wao Zelewski aliuawa. Miaka 3 baadaye ngome ya Kalenga ilianguka kwa mizinga, na Mkwawa akapigana porini mpaka Julai 1898. Mchezaji wa Wahehe lazima aamue: kujenga ukuta au kubaki msituni.

Pwani nitaipitia kwa haraka, ingawa inastahili mchezo wake. Wasegeju waliwavunja Wazimba pale Malindi mwaka 1589. Ngome ya Yesu ya Wareno pale Mombasa ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na maradhi yaliwaua watu wengi kuliko panga. Waswahili walikuwepo nje ya kuta na ndani yake pia, Bwana Daud wa Faza akiwa miongoni mwa waliowasaidia waliozingirwa. Buganda nayo ina mitumbwi ya vita, na Ziwa Viktoria lipo kwenye ramani yetu likisubiri.

Kilichobaki mezani ni Liti. Uwanja wa mpira wa Singida mjini unaitwa kwa jina lake, na wazee wa Unyaturu husimulia jinsi mwanamke huyu alivyowatuma nyuki kuwakabili Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mpaka wa mchezo wetu ni 1898, lakini huu mpaka nimeuvunja kwa makusudi, kwa sababu Singida ilikuwa bado inapigana. Wasichana wa kidato cha tatu ndio walioshika kanuni yake. Wamependekeza kadi ya nyuki itumike mara moja tu, karibu na kijiji, mchana, na siyo wakati wa mvua, kwa sababu nyuki hawatoki kwenye mvua. Mmoja wao, ambaye baba yake ana mizinga ya nyuki, anataka pia kadi hiyo imrudie mwenyewe kama dadu ikitoka moja. Tutaijaribu Ijumaa.