Katuni za zamani: Mali iliyoishia kufungia karanga

KARANGA zinazouzwa kando ya barabara Olasiti, jijini Arusha, hufungwa kwa karatasi ya gazeti kuukuu. Muuzaji hununua magazeti hayo kwa kilo, na anayemuuzia hufurahi kupunguza mzigo ndani ya nyumba. Kwenye mizani hiyo, gazeti la juzi na gazeti la mwaka 1982 bei yake ni moja.

Hiyo ni moja ya njia zilizoyamaliza magazeti ya katuni yaliyowahi kupendwa sana nchini. Mengine yaliwashia moto jikoni, mengine yalibandikwa ukutani kuzuia upepo na vumbi, na mengine yaliliwa na mchwa yakiwa ndani ya maboksi.

Wakati hayo yakitokea hapa, huko Marekani gazeti la katuni la mwaka 1938, Action Comics namba 1, lililouzwa kwa senti 10 lilipotoka, lilinunuliwa mnadani Aprili 2024 kwa Dola milioni 6. Hizo ni zaidi ya Sh15 bilioni kwa viwango vya wakati huo.

Je, ni kitu gani kilichofanya karatasi ya huko ipande bei namna hiyo, na ya hapa ikafungia karanga? Jibu lake linamhusu hata mkulima asiyejali katuni, kwa kuwa ni habari ya uhaba, ubora na soko. Mambo hayo matatu ndiyo yanayopanga bei ya kahawa, maharage na ng'ombe.

Enzi za Lodi Lofa

Waliokulia Olasiti miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka eneo hilo likiwa mashamba ya mahindi na maharage, na kwenda mjini ilikuwa safari. Aliyetumwa mjini kuuza maziwa au kununua chumvi alirudi na habari, na akibahatika alirudi na gazeti la katuni.

Katuni zenyewe zilikwishazoeleka kabla ya hapo. Mwaka 1967 msanii Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na mhusika huyo akawa akichekesha na kukosoa mambo ya kila siku. Kutoka Kenya alifahamika Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Vijana waliosoma Kiingereza walimfuata mpelelezi Lance Spearman, ambaye hadithi zake zilisimuliwa kwa picha za kamera zenye maneno ya wahusika juu yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 likaja Sani. Waanzilishi wake walikuwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina la gazeti lilitokana na herufi za mwanzo za majina yao. Humo walikaa Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe na Pimbi, wahusika waliochorwa na Philip Ndunguru. Msanii huyo alifariki dunia mwaka 1986 akiwa bado kijana, lakini majina ya wahusika wake yaliingia katika mazungumzo ya mitaani. Mtu mwenye majivuno asiye na kitu mfukoni aliitwa Lodi Lofa.

Hiyo ilikuwa miaka migumu. Nchi ilikuwa imetoka katika Vita vya Kagera, na sabuni, sukari na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni. Karatasi nayo ilikuwa shida. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa tangu mwaka 1977 hadi 1983, hivyo hata kwa mji ulio jirani na Namanga kama Arusha, gazeti la kutoka Nairobi lilikuwa adimu.

Uhaba huo ndio ulioanzisha biashara ndogo. Gazeti moja lilipita mikono mingi: shuleni chini ya dawati, kwa kinyozi, na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kijana aliyekuwa na toleo ambalo wenzake hawajalisoma alikuwa na mali. Alilibadilisha kwa jingine, kwa daftari, au kwa zamu ya kupanda baiskeli. Lenye jalada lilikuwa na nguvu kuliko lililochanika, na lililokatwa ukurasa wa mwisho halikupata mteja, kwa kuwa hakuna aliyetaka hadithi isiyo na mwisho.

Vijana hao tayari walikuwa wakipanga madaraja ya ubora. Kilichokosekana ni mahali pa kuipeleka biashara hiyo mbele.

Mnada wa wapenzi wa katuni

Nchini Marekani mahali hapo palipatikana. Mwaka 1964 wapenzi wa katuni walifanya mkutano wao jijini New York. Mwaka 1970 ukaanzishwa mkutano wa San Diego, ambao mwaka huo ulihudhuriwa na mamia ya watu tu. Siku hizi hukusanya zaidi ya watu 130,000.

Mikutano ya mwanzo inakumbukwa kwa mapenzi makubwa na waliohudhuria, na kwa anayefahamu minada ya Kisongo, Ngaramtoni au Tengeru, mambo yake si mageni. Ukumbi wa hoteli ulipangwa meza kwa safu. Juu ya kila meza kulikuwa na maboksi marefu, magazeti yakiwa yamesimamishwa humo moja nyuma ya jingine. Ya bei kubwa yalitundikwa nyuma ya muuzaji, ili yaonekane kwa macho na yasishikwe na kila mpita njia.

Wanunuzi walikuja na orodha ya namba walizokosa. Walipekua boksi moja baada ya jingine kwa saa nyingi, vidole vikichafuka kwa vumbi la karatasi. Mvulana aliyekosa fedha alibadilisha mawili yake kwa moja. Jioni ya siku ya mwisho bei zilishuka, kwa kuwa muuzaji hakutaka kurudi na maboksi mazito nyumbani. Mama anayeuza nyanya mnadani analifahamu jambo hilo bila kufundishwa.

Faida kubwa ya mikutano hiyo ilikuwa bei kujulikana. Muuzaji aliyedhani ana takataka aligundua kuwa watu watano wanaitafuta, na aliyedhani ana dhahabu aliona meza 10 zina gazeti lile lile. Mwaka 1970 Robert Overstreet alichapisha kitabu cha kwanza cha bei zake, na tangu hapo hata mtu wa mbali aliweza kujua gazeti lake lina thamani gani.

Daraja kama la kahawa

Mkulima wa kahawa wa mlimani Meru anafahamu kuwa kilo mbili za kahawa zinaweza kuwa na bei mbili. Kahawa hupangwa AA, A, B, PB na kuendelea, na mnada wa Moshi hulipa kwa daraja. Magazeti ya katuni nayo yalifikia huko. Tangu mwaka 2000 kampuni ya CGC ya Marekani hukagua gazeti, hulipa alama kati ya 0.5 na 10, kisha hulifunga ndani ya kasha la plastiki ngumu. Lile lililouzwa Dola milioni 6 lilikuwa na alama 8.5.

Na uhaba ulitoka wapi? Action Comics namba 1 inakadiriwa kuchapishwa nakala 200,000, lakini zinazodhaniwa kubaki ni kama 100. Nyingine zilitupwa na akina mama waliosafisha vyumba vya watoto wao. Nyingine nyingi zilikusanywa wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipowahimiza wananchi kutoa karatasi kuukuu zitengenezwe upya. Kwa maneno mengine, za kwao pia ziliuzwa kwa kilo. Zile chache zilizoponea ndizo zilizopanda bei.

Walipopanda wote nyanya

Habari hiyo ya utajiri ina upande wa pili, ambao mfanyabiashara mdogo anapaswa kuusoma kwa makini zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani wengi waliona bei za katuni za zamani, wakaanza kununua mpya kwa maboksi wakidhani nazo zitapanda. Mwaka 1991 toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men liliuzwa nakala zaidi ya milioni 8. Mwaka uliofuata toleo la kifo cha Superman liliuzwa kwa mamilioni pia. Watu waliyafunga vizuri, hawakuyasoma, wakaketi kusubiri.

Hadi leo mengi ya magazeti hayo hayana bei ya maana, kwa sababu kila mtu aliyatunza. Wateja walipochoka, maduka mengi ya katuni yalifungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel, wachapishaji wa X-Men, iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika.

Wakulima wa nyanya wanaujua ugonjwa huu. Msimu mmoja nyanya zikipata bei Kilombero, msimu unaofuata kila mwenye bomba la maji hupanda nyanya, na mavuno huozea kwenye tenga. Kitu kuwa cha zamani hakutoshi, na kukihifadhi vizuri hakutoshi. Bei huja pale ambapo wanaokitaka ni wengi kuliko kilichopo, na wanajua mahali pa kukipata.

Kinshasa waliona mapema

Mfano wa karibu zaidi unatoka Kongo. Jijini Kinshasa, miaka ya 1990, msanii Papa Mfumu'Eto alichora, akachapa na kuuza mwenyewe vijitabu vya katuni kwa lugha ya Kilingala. Vilikuwa vya karatasi duni na viliuzwa mitaani kwa watu wa kipato kidogo. Kimoja kilichovuma kilimhusu mtu aliyegeuka nyoka na kutapika fedha.

Baadaye Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kilichukua michoro na nyaraka za msanii huyo na kuzitunza katika maktaba yake. Karatasi ambayo mtaani ingefungia maandazi imekuwa kumbukumbu ya namna watu wa jiji zima walivyoishi, walivyoogopa na walivyocheka.

Katuni za Kiswahili nazo zimewavuta wasomi. Mtafiti Jigal Beez wa Ujerumani ni mmoja wa walioandika juu yake. Kuna hatari, basi, kwamba siku moja mtoto wa Olasiti akitaka kumwona Lodi Lofa aliyemchekesha babu yake, itambidi aulize katika maktaba ya ng'ambo.

Kwa mwenye boksi stoo

Kwa sasa hakuna mnada wa katuni kuukuu Arusha, na anayepita mitaani akiahidi mamilioni kwa gazeti moja la Sani aogopwe. Lakini mwenye nakala za zamani anaweza kuzilinda bila gharama kubwa, kwa taratibu zile zile anazotumia kulinda mahindi:

Kwanza, boksi lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta. Liwekwe juu ya chaga, mahali pakavu na penye hewa, mbali na mchwa, panya na mende. Dawa ya kuua wadudu isinyunyiziwe kwenye karatasi.

Pili, jua ni adui. Karatasi ya gazeti ina asidi, nayo hugeuka njano na kukatika upesi ikipigwa na mwanga. Dari lenye joto kali chini ya bati halifai.

Tatu, asitengeneze. Gundi ya utepe, pini mpya na kalamu hushusha thamani. Gazeti lililochanika liachwe lilivyo, liwekwe kati ya kadi mbili safi.

Nne, aandike orodha: jina, namba ya toleo, mwezi, mwaka na hali yake. Bila orodha hana cha kumwonyesha mnunuzi wala cha kubadilishana na mwenzake.

Tano, afahamu mipaka ya haki yake. Aliyenunua nakala anaweza kuiuza. Kuipiga picha na kuichapa upya kwa biashara ni jambo jingine, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji na warithi wake. Ushauri hupatikana COSOTA.

Hilo la soko nalo si gumu kama linavyoonekana. Kila Agosti viwanja vya Themi, Njiro, hujaa watu kwa Maonyesho ya Nane Nane. Meza moja yenye magazeti 50 ya zamani, na mabadilishano ya nakala kwa nakala, ingeonyesha kwa wiki moja ni wangapi wanayatafuta na wangelipa kiasi gani. Mkutano wa San Diego nao ulianza na watu wachache.

Huenda bei itakayopatikana isizidi ya debe la maharage. Hata hivyo, mizani ya muuza karanga tayari imetoa bei yake, na kwa bei hiyo gazeti huchanwa vipande na halirudi tena. Kabla ya kubeba boksi kwenda kulipima, mwenye nalo afungue na kutazama kwanza kilichomo.